Watoto Wakiwa Wao kwa Wao



Mwezi Mei mwaka 1901, katika mji mdogo wa Września, watoto wa shule walichapwa viboko kwa kukataa kujibu maswali ya dini kwa Kijerumani. Mji huo ulikuwa chini ya Prussia. Serikali ilikuwa imeshakiondoa Kipolandi katika masomo mengine. Yalibaki mafundisho ya dini, na sasa nayo yakaamriwa yatolewe kwa lugha ya mtawala. Watoto wakafunga midomo. Wazazi waliposikia vilio walijazana nje ya shule, na baadaye baadhi yao walishtakiwa na kufungwa jela kwa kuwatetea wanao. Henryk Sienkiewicz, mwandishi aliyesomwa Ulaya nzima, alipaza sauti; mshairi Maria Konopnicka naye hakunyamaza. Mwaka 1906 mgomo wa namna hiyo ulizuka tena, safari hii ukienea katika mamia ya shule na kuhusisha makumi ya maelfu ya watoto.

Nimeanza na watoto hao ili mwone lugha ya Kipolandi ilikuwa na uzito gani kwa wenyewe. Polandi ilifutwa kwenye ramani mwaka 1795, Urusi, Prussia na Austria zilipomaliza kuigawana, na haikurudi mpaka 1918. Kwa miaka 123 Mpolandi hakuwa na serikali yake, wala pasi ya kusafiria yenye jina la nchi yake. Alikuwa na lugha, na alikuwa na kanisa. Hivyo viwili ndivyo alivyovibeba alipopanda meli kwenda Marekani kutafuta riziki.

Sasa sikilizeni hesabu hii. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2000, watu takribani milioni 9 walijitaja kuwa wa asili ya Kipolandi. Waliosema kwamba nyumbani mwao wanazungumza Kipolandi hawakufika 700,000. Na wengi katika hao hawakuwa wajukuu wa wale wa meli za zamani. Walikuwa watu waliofika karibuni, katika miaka ya 1980 na 1990. Ukiwatoa hao, unabaki na ukoo mkubwa mno wa watu wenye majina ya Kipolandi ambao hawawezi kumwamkia bibi yao kwa lugha yake.

Swali langu leo ni hilo. Lugha iliyostahimili fimbo ya mwalimu wa Kiprussia, na amri za mfalme wa Urusi, ilikuwaje ikazimika ndani ya nyumba za wenyewe, katika nchi ambako kila mtu alikuwa huru kuisema?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba waliona haya, au kwamba wazazi walizembea. Silikubali, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, zaidi ya Wapolandi milioni mbili walivuka bahari. Wengi walikuwa wakulima wadogo, wenye vipande vya ardhi visivyoweza kulisha watoto. Waliingia kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Pennsylvania, kwenye machinjio ya Chicago, kwenye viwanda vya chuma vya Pittsburgh na Buffalo. Kazi zenyewe zilikuwa ngumu na chafu, lakini jioni mtu alirudi kwenye mtaa wake. Na mtaa huo, jamani, ulikuwa nchi kamili.

Chukueni parokia ya Mtakatifu Stanislaus Kostka ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1867. Kufikia mwisho wa karne ile ilihesabiwa miongoni mwa parokia kubwa kabisa Marekani, na waumini wake walikuwa makumi ya maelfu. Palikuwa na shule, na masista waliofundisha kwa Kipolandi. Mahubiri yalikuwa ya Kipolandi, kitubio pia, na hilo la kitubio si dogo, maana mtu haungami dhambi zake kwa lugha ya kubabaisha. Kulikuwa na vyama vya kusaidiana, kama Umoja wa Wapolandi Wakatoliki ulioundwa mwaka 1873 na Muungano wa Kitaifa wa Wapolandi wa mwaka 1880, ambavyo vilimchangisha mfanyakazi senti kidogo kidogo ili akifa mjane asiachwe mikono mitupu. Kulikuwa na magazeti; mojawapo, Dziennik Związkowy, lilianza mwaka 1908 na bado linatoka mjini humo. Muuza nyama alikuwa Mpolandi, na mwenye baa, na mkunga, na mchimba kaburi. Mtu aliweza kuzaliwa, kuoa, kufanya kazi na kuzikwa Chicago bila kuhitaji Kiingereza zaidi ya kile cha kumwelewa msimamizi kiwandani.

Na walikipigania Kipolandi kwelikweli. Jimboni Wisconsin, sheria ya mwaka 1889 ilipotaka kila shule ifundishe kwa Kiingereza, Wapolandi walisimama na majirani zao Wajerumani wakaipinga, na mwaka 1891 ikafutwa. Huko Scranton, Pennsylvania, ugomvi na maaskofu wasio Wapolandi ulifika mahali pa kuligawa kanisa: padri Franciszek Hodur aliongoza waumini waliojitenga mwaka 1897, na katika kanisa lao jipya Misa yenyewe ikaanza kuadhimishwa kwa Kipolandi, miaka zaidi ya sitini kabla Roma haijaruhusu lugha za watu madhabahuni. Watu wanaofika mpaka kutengwa na kanisa huwezi kuwaita wazembe wa lugha yao.

Basi mambo yaliharibikia wapi?

Yaliharibikia mahali ambapo hakuna mtu mzima aliyekuwa akitazama: kati ya mtoto na mtoto mwenzake.

Hapa naomba tutulie, maana ndipo kiini kilipo. Mzaliwa wa kwanza anaingia shule akiwa na Kipolandi peke yake. Hata kama shule ni ya parokia, barabarani na uwanjani kuna mtoto wa Kiayalandi, wa Kiitaliano na wa Kijerumani, na lugha ya kuwakutanisha wote ni Kiingereza. Baada ya mwaka mmoja amekirudisha nyumbani. Mdogo wake anakipokea kwake kabla hata hajaliona darasa. Wa tatu anazaliwa akikuta kaka na dada wanacheza kwa Kiingereza. Kitinda mimba anawaelewa wazazi vizuri kabisa, wakimtuma anakwenda, wakimkanya anaacha, lakini akijibu anajibu kwa Kiingereza, na wazazi wamekizoea kiasi kwamba hawakisikii tena. Ukiwauliza, watakuapia kwamba nyumba yao ni ya Kipolandi. Hawasemi uongo, kwa sababu wao wenyewe wanakisema kutwa. Lakini nenda chumbani usiku, wakati watoto wanne wanagombania blanketi moja. Wanagombana kwa Kiingereza. Wanatishana, wanapeana siri na kusimuliana vitisho vya majini kwa Kiingereza. Na huko ndiko lugha inakopata mashiko kwa mtoto, kwenye mambo ambayo hakuna mkubwa aliyemwambia ayaseme.

Sasa kitinda mimba huyo anakua na kuoa. Pengine anamwoa binti wa Kiitaliano aliyekutana naye kanisani, Mkatoliki mwenzake, ndoa ambayo hakuna mzazi mwenye sababu ya kuikataa. Watazungumza nini? Watoto wao ndio kizazi cha tatu, na hao hawapati hata kile Kipolandi cha kusikiliza.

Watafiti wa lugha wamekiona kitu hiki kwa wahamiaji wa namna nyingi Marekani: kizazi cha kwanza kinaishi kwa lugha ya kilikotoka, cha pili kinachanganya mbili, cha tatu kinabaki na moja. Joshua Fishman aliandika mno juu ya jambo hili, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba uhai wa lugha hupimwa hapo, inapopita kutoka mzazi kwenda mtoto katika maisha ya kawaida ya nyumba na mtaa. Mimi nathubutu kuongeza kwamba hata hapo kuna ngazi mbili. Mzazi kumpa mtoto ni ngazi ya kwanza. Watoto kuitumia baina yao ni ya pili, na wengi wetu hatuiangalii.

Nitende haki lakini: shinikizo la nje lilikuwapo. George Mundelein, aliyewekwa kuwa askofu mkuu wa Chicago mwaka 1916, aliagiza shule za parokia zifundishe kwa Kiingereza, lugha ya wazazi ikibakizwa kwenye dini na kusoma. Vita Kuu ya Kwanza ilileta hofu ya kila lugha ngeni. Jimbo la Nebraska lilitunga sheria mwaka 1919 ya kukataza lugha za kigeni zisifundishwe watoto wadogo, mpaka Mahakama Kuu ya nchi ilipoitengua mwaka 1923. Mwaka uliofuata sheria ya uhamiaji ya 1924 ikabana mlango. Ninaona hiyo ndiyo iliyoumiza kuliko zote, kwa sababu mtaa wa wahamiaji unakula watu wapya. Kila meli iliyofika iliwaletea watoto wa Chicago shangazi na binamu wasiojua Kiingereza, na ilibidi wawasemeshe. Meli zilipokoma, haja hiyo ikakoma nayo.

Kisha kuna jambo la mwaka 1934 ambalo husimuliwa kwa nadra. Polandi ilikuwa imeshakuwa nchi tena, na serikali yake iliwaita Warsaw wajumbe wa Wapolandi wa dunia nzima ili kuunda umoja mmoja. Wajumbe wa Marekani walifika, wakashukuru, wakakataa kujiunga. Walisema kwamba wao ni sehemu ya taifa la Marekani, wanaojivunia asili yao ya Kipolandi. Fikirini: ni miaka kumi na sita tu tangu nchi iliyoliliwa kwa karne nzima ipate uhuru. Lakini watu hawa walikuwa wamejenga nyumba na kuzika wazazi Chicago na Detroit. Mioyo yao ilikuwa imeshahama, wakati midomo ya wengi wao bado ilikuwa ya Kipolandi.

Vita vya Pili vilipokwisha, vijana waliorudi kutoka jeshini walipata msaada wa serikali wa kusoma na mikopo ya kununua nyumba, wakahamia vitongoji vipya vyenye bustani, mbali na kengele ya Mtakatifu Stanislaus. Hilo nalipita haraka, kwa kuwa ni habari ya Marekani nzima. Katika miaka ya 1960 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaruhusu Misa kwa lugha za watu, na mapadri wengi wa parokia hizi wakatazama vijana waliokaa mbele yao, wakaweka Misa ya Kiingereza.

Mfano wa mtu mmoja unatosha. Edmund Muskie alizaliwa mwaka 1914 huko Rumford, mji mdogo wa kiwanda cha karatasi katika jimbo la Maine. Baba yake alikuwa fundi cherehani aliyefika Marekani akiitwa Marciszewski, naye ndiye aliyelifupisha jina. (Watu wengi hudhani majina hayo yalikatwa na makarani wa bandarini Ellis Island. Kwa kawaida sivyo. Makarani walisoma orodha za meli. Waliobadilisha majina walikuwa wenyewe, baadaye, ili waajiriwe na waitwe bila kukosewa.) Mpaka umri wa miaka minne mtoto Edmund alizungumza Kipolandi peke yake. Alikua akawa gavana, akawa seneta, mwaka 1968 akagombea umakamu wa rais, mwaka 1980 akawa waziri wa mambo ya nje. Na Kipolandi chake kilimponyoka. Mji wake haukuwa na mitaa ya Wapolandi kama ile ya Chicago, na baada ya nyumba ya baba hakupata mahali pa kukitumia. Hakuna aliyemchapa, na nchi ilimpa kila kitu.

Ili tusije tukadhani kwamba kukatazwa ndiko kunakoamua, tazameni Brazil. Wapolandi walianza kukaa karibu na Curitiba, katika jimbo la Paraná, mwaka 1871, na maelfu wakafuata. Mwaka 1938 serikali ya Getúlio Vargas ilizifunga shule za lugha za kigeni, na shule za Kipolandi zikaisha kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo, katika vijiji vya mashambani vya kusini mwa Brazil, kuna familia ambazo Kipolandi kimefika kwa vitukuu. Na hata Marekani kwenyewe, Wapolandi wa Silesia waliofika Texas mwaka 1854 na padri Leopold Moczygemba, wakaanzisha kijiji cha Panna Maria, lahaja yao ilisemwa huko kwa zaidi ya miaka mia, mpaka wataalamu kutoka Polandi wakaenda kuirekodi. Walikuwa wakulima, wamekaa pamoja, na watoto wao walicheza na watoto wa majirani wa lugha moja. Kilichowatofautisha na watu wa Chicago si mapenzi ya lugha. Ni nani mtoto aliamka akacheza naye.

Wasikilizaji, kinachobaki lugha ikiondoka si kidogo, na sipendi kuwabeza waliobaki nacho. Mkesha wa Krismasi familia hizi huketi mezani zikamega kaki nyembamba nyeupe, kila mtu akimpa mwenzake kipande na kumtakia heri. Zinapika pierogi. Detroit na kitongoji chake cha Hamtramck watu hupanga foleni kununua maandazi yaliyojazwa jamu kabla ya Kwaresima, hata leo, ingawa Hamtramck ile iliyokuwa ya Wapolandi sasa ina Wayemeni na Wabangladeshi wengi. Mambo haya ni ya kweli na yanagusa moyo. Lakini chakula hakiwezi kukueleza babu alikuwa mtu wa namna gani.

Barua zingeweza. Kati ya 1918 na 1920 William Thomas na Florian Znaniecki walichapisha kitabu kikubwa juu ya mkulima wa Kipolandi Ulaya na Marekani, na sehemu kubwa yake ni barua za familia: mume aliye Marekani na mke aliyebaki kijijini, wazazi wanaoomba pesa, ndugu wanaogombana kwa urithi wa shamba. Hizo zilitafsiriwa na sasa zinasomwa na wanafunzi wa sosholojia. Lakini kwa kila moja iliyochapishwa kuna ngapi zilizofungwa kwa utepe katika sanduku la mjukuu asiyeweza kuzisoma? Mwandiko ni wa mama wa bibi yake. Wino umefifia kidogo tu. Anaweza kumlipa mfasiri, na wengine hufanya hivyo, na nawapongeza. Hata hivyo atayasikia maneno ya ukoo wake mwenyewe kwa sauti ya mtu wa kukodiwa, na uchungu huo naona hatuupimi ipasavyo tunaposema kwamba mhamiaji amefanikiwa.

Sisi huku tunao ushahidi wetu. Pale Tengeru, karibu na Arusha, kuanzia mwaka 1942 waliishi wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti mpaka Siberia na Asia ya Kati, kisha wakapitia Iran mpaka Afrika Mashariki. Wenzao walikuwa Masindi na Koja, Uganda. Walikaa katika vibanda vya duara, wakajenga kanisa na shule, na watoto walisoma kwa Kipolandi chini ya Mlima Meru, wakiokota Kiswahili sokoni. Makaburi yao yapo mpaka leo na yanatunzwa. Katika miaka ile hakuna mtoto aliyepoteza lugha Tengeru, pamoja na njaa na misiba yote waliyopitia, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa cha Kipolandi, na mwenzake wa kucheza naye alikuwa Mpolandi. Kambi ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa wameshatawanywa: Uingereza, Kanada, Australia. Familia moja hapa, nyingine kule, mtaa wa watu wengine. Hapo ndipo kazi ya kuitunza lugha ilipoanza kuwa ngumu.

Na leo? Uingereza na Wales, sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu wapatao 612,000 ambao lugha yao kuu ni Kipolandi, wengi wao wakiwa wamefika baada ya nchi yao kujiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004. Wana shule za Jumamosi, wana ndege za bei nafuu, wana simu za video. Watoto wao wanaweza kupelekwa kwa bibi Kraków likizo nzima ya kiangazi. Mimi natia matumaini yangu kwenye hiyo likizo kuliko kwenye darasa, kwa sababu kule Kraków kuna binamu wa umri wao, na binamu hawana subira na mtu asiyeelewa mchezo.

Nayasema haya nikijua nani ananisikiliza. Tuna wasikilizaji London, Muscat na Minneapolis. Tuna ndugu zetu kutoka Kivu waliopelekwa Marekani kutoka kambi za Nyarugusu na Kakuma, wanaolea watoto kwa Kiswahili katika nyumba za ghorofa ambamo jirani haelewi neno. Sitawapa mawaidha, mnajua wenyewe mnavyochoka mkirudi kazini. Ninawaomba jambo moja tu, nanyi mtuandikie majibu tuyasome kipindi kijacho. Usiku wa leo, watoto wakishaingia chumbani na mlango ukafungwa, sogeeni kidogo mkasikilize. Wanagombana kwa lugha gani?